Bega la Fundi Waliaula

Daktari Naswa aliiinua ile picha ya bega la Waliaula dirishani, akaikodolea macho hadi chai yake ikashika utando.

"Sista Bridget, njoo uone maajabu!"

Kwa watu wengi, kano la msuli wa mbele wa mkono hupanda hadi ndani ya bega na kujishikiza juu ya tundu la kiungo. La Waliaula halikufika huko. Lilikuwa limekata kona njiani, likajishikiza kwenye kano la jirani kama mgeni aliyekosa kitanda.

"Limekatika?" Bridget akauliza.

"Hapo ndipo daktari mwenye pupa angeingia mkenge! Angeshona kitu ambacho hakijawahi kukatika, na mzee wa watu asiinue tena mwiko wa plasta. Amezaliwa nalo hivi. Mimi siharakishi, Bridget. Mimi naangalia."

Alisema hivyo mara tatu asubuhi ile, na mara mbili kwenye simu. Furaha ilimjaa hadi akawaalika madaktari wawili kutoka Eldoret waje wamwone akichungulia ndani kwa kamera, atafute chanzo cha maumivu. Makala yake kuhusu kano hilo hakuwa ameyaandika bado, ila kichwa alikuwa nacho.

Waliaula alitaka jambo moja tu. Alikuwa fundi wa plasta kule Nyalenda, na kwa miezi miwili hakuwa amegusa ukuta hata mmoja. Mkono usipopona, ufundi umekwisha, na aliogopa sana. Siku ya kwanza Bridget alipomuuliza ni bega gani linauma, alijibu bila kusita, "Ya mkono ya kulia, sista." Bridget akaandika.

Daktari alipouinua mkono huo hadi juu, mzee hakukunja hata uso.

"Anajikaza," Daktari akamnong'oneza Bridget. "Nawajua wazee wa kwetu Bungoma."

Alipotoka kwenye mashine ya picha, Waliaula aliuliza kwa adabu, "Na hii ingine mtapiga lini, ndio mlinganishe?"

"Hilo liache lipumzike, Mzee."

Waliaula akavaa shati lake. Hakutaka kuonekana anamfundisha daktari kazi.

Siku ya upasuaji ikafika. Wageni wa Eldoret walisimama kando ya kitanda, mikono nyuma. Daktari Naswa alifungua kalamu nene ya wino, tayari kuchora mshale kwenye bega la kulia. Bridget akaleta fomu ya kukubali kupasuliwa.

"Tia sahihi hapa, Mzee."

Waliaula akaishika peni kwa mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza tu, akauma meno, jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Daktari Naswa akawatupia wageni jicho, akatabasamu.

"Pole, Mzee. Usijitese na kushoto. Najua wa kulia ndio umekulemea."

Waliaula akamtazama, akaitazama ile kalamu nene, kisha akawatazama wageni mmoja mmoja.

"Lakini hii ndio mkono yangu ya kulia, Daktari. Hiyo ingine hata ugali haijui kumega."