Saa Moja ya Kubebewa Uchovu

Siku hizo sheria iliruhusu mtu wa nyumbani kumbebea mgonjwa uchovu wake kwa saa moja kila siku, kupitia bangili mbili. Mwanaidi, aliyeishi miaka tisa na ugonjwa unaokula utando unaofunika neva, alimvisha mumewe Shekuwe bangili ya pili kwa mara ya kwanza, akatoka kwenda sokoni bila mkongojo.

Alitembea! Alivuka barabara, akapanda ngazi za soko kama msichana, akasahau kabisa kutazama saa.

Aliporudi alimkuta Shekuwe kwenye sakafu ya jikoni, jasho likimtiririka, kikombe cha chai kimemponyoka.

"Mama Rehani," alisema kwa taabu, "miguu kama si yangu. Kumbe ndivyo unavyoishi? Nami nilikuwa nakuita mvivu."

"Uliniita hivyo mbele ya mama yako."

"Nisamehe. Uchukue uchovu wako sasa, saa imeshapita."

Mwanaidi aliinama, akaweka kidole juu ya kitufe cha bangili cha kuurudisha uchovu. Magoti yake hayakutetemeka hata kidogo, na hilo likamtia hofu.

"Nitauchukua," alisema, akiinuka. "Ngoja kwanza nianike nguo."