Uji wa Kunusa

Siku mbili baada ya upasuaji, utumbo wa Sefu ulikuwa bado umelala, na uji aliouleta mkewe, Mwanaidi, ulikatazwa. Naye Mwanaidi hakula, kwani tangu waoane wamekula sahani moja.

"Anuse tu," nesi alisema. "Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi kwenye utumbo. Huenda harufu ikauamsha utumbo."

Mwanaidi akafunua bakuli, akampepelea mumewe mvuke wenye iliki. Tumbo likanguruma. Nesi akaweka stethoskopu kwenye tumbo la Sefu, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hilo ni lako, mama."

Sefu akamtazama mkewe. "Hujala? Kula basi, nikuone."

Mwanaidi akanywa funda la kwanza, machozi yakimtoka. Stethoskopu ilikuwa bado tumboni kwa Sefu. Nesi akainua kidole, wanyamaze.