Mama Mkwe Ameganda

Mama mkwe aliganda tena kwenye kioo cha kishikwambi, mdomo nusu wazi, kidole kikiwa njiani kuelekea sikioni. Fundi makochi alishusha tarumbeta, akakipiga kishikwambi kofi la mgongoni kama anayemsaidia mtu aliyepaliwa. Wapi. Mama mkwe alibaki vile vile, ametoa macho, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Ilikuwa hivyo kila Jumapili. Salamu zilipita vizuri. Habari za magoti yake zilipita, umbea wa majirani ulipita, hata kicheko chake kilipita bila kukwaruza. Ila fundi akishika tarumbeta tu, akapuliza noti mbili tatu, picha inakufa. Baadaye mama mkwe hupiga mwenyewe kwa simu yake nyingine, ndogo ya vitufe, sauti imejaa huruma.

"Pole, mwanangu," alisema safari hii. "Hicho kishikwambi chako kimezeeka. Hakiwezi muziki mzito."

Maneno hayo yalimkaa fundi kichwani. Tarumbeta aliinunua kutoka bendi iliyosambaratika, akajifundisha mwenyewe karakanani, kati ya kochi moja na jingine. Wimbo aliutunga kwa ajili ya mama mkwe na si mtu mwingine. Alipokwenda kuposa, ukoo mzima ulimwangalia viatu vyake vilivyochoka, wakaguna. Ni yule mama peke yake aliyesema kijana ana mikono, apewe mke. Fundi hakuwahi kumshukuru, maana maneno humpotea akiwa mbele ya wakwe. Alitaka ausikie wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kabla masikio yake hayajachoka. Nao waliheshimiana mno. Tangu aoe, hajawahi kusikia neno moja la kumkwaza kutoka kinywani mwa mama yule.

Mkewe alipinga habari ya kununua kipya. Alisema yeye huongea na mama yake kwa kishikwambi hicho hicho mpaka betri inakwisha, na hakijaganda hata siku moja.

"Kwa sababu wewe humpigii tarumbeta," fundi alimwambia.

"Hilo ni kweli," mke alijibu, akaingia jikoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila kitu alikichukua kwa mama yake: sura, mwendo, hata namna ya kukwepa ugomvi.

Fundi akakipeleka kishikwambi kwa fundi simu. Yule bwana akakifungua, akakipuliza vumbi, akasema hakina ugonjwa wowote. Fundi makochi hakuridhika. Akatoa tarumbeta kwenye mfuko ili aonyeshe hasa tatizo linapoanzia. Fundi simu alisikiliza noti tatu, akasema haraka haraka kwamba tatizo ameliona, na kwamba liko nje ya uwezo wake. Akamwelekeza kwenye duka moja la vishikwambi vipya, upande wa pili wa mji.

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Mwenye duka hakutaka pesa; kwa kishikwambi kipya alitaka kubadilishana na kiti kimoja tu cha fundi. Alikuwa amekiona karakanani zamani, na roho yake haikutulia tena. Kilikuwa kiti cha ngozi, kimeungwa kwa vipande ambavyo fundi alivibania miaka na miaka kutoka makochi ya watu wakubwa. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza mahali pa wenzake kukalia huku yeye akikaa kwenye ndoo. Hicho kilikuwa kiti cha kwanza alichokitengeneza kwa ajili ya makalio yake mwenyewe, na hakukuwa na raha iliyozidi ile ya jioni akitumbukia ndani yake.

Alikikalia siku nzima akiwaza. Akaegemea, akanyoosha miguu, akapapasa mikono ya ngozi ya kile kiti. Akaikumbuka siku ya posa, vile viatu, ile miguno, na ile sauti moja iliyomtetea. Machozi yalimlengalenga, akainuka. Asubuhi kiti kilipakiwa kwenye mkokoteni, na fundi hakutoka nje kukiaga.

Jumapili ilipofika, alikisimamisha kishikwambi kipya mezani. Kilikuwa chembamba, na picha yake ilikuwa angavu hata mishono ya kitambaa cha mama mkwe ilihesabika.

"Shikamoo mama. Leo nimenunua kipya."

"Marahaba. Kipya?" Mama mkwe alisogea karibu. "Chenyewe hakigandi?"

"Hata ukikiomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Leo utausikia wote."

Mama mkwe alimeza mate, akajiweka sawa kitini. Fundi alikaa kwenye ndoo yake, akavuta pumzi, akapuliza noti ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mama mkwe akaganda.

Moyo wa fundi ulishuka mpaka kwenye ndoo. Alikiwaza kiti chake, akamwaza mwenye duka akijinyoosha juu yake, akainua mkono akipige kishikwambi kipya kofi kama lile la zamani. Mkono ukaishia hewani. Nyuma ya mama mkwe, pazia lilikuwa likipepea. Paka alipita dirishani bila haraka yoyote, akaruka mapajani mwake, akaanza kumpitishia mkia puani. Mama mkwe hakupepesa jicho.

Fundi aligeuka kumwuliza mkewe anaelewa nini hapo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko hewani, mdomo nusu wazi, kidole kikiwa njiani kuelekea sikioni.