Dole la Shahidi wa Mpaka

Karani wa mahakama aligeuza jalada la kesi ili Luciana aone. Alama ya dole gumba la mzee, shahidi wake pekee wa mpaka wa shamba, ilikuwa pale chini ya maelezo, ya buluu, na kovu la kisu cha kuvunia ulezi limeikata katikati.

"Hakimu amehamishwa, mama. Huyu mpya anataka kuwasikia mashahidi mwenyewe, kwa hiyo kesi inaanza upya. Mlete tena huyu mzee."

"Mwanangu, si alishasema yote? Yameandikwa hapo."

"Ndiyo utaratibu, mama. Yuko wapi?"

"Tulimzika Jumatatu, kulekule kijijini Msanzi."

"Pole sana, mama," alisema karani, kisha akashika kalamu, akaandika polepole: Shahidi hakufika.