Kifungo cha Kumi na Moja

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Machi. Umeme ulikatika hospitalini, na wakubwa wa serikali walikuwa hawajanunua mafuta ya jenereta. Mke wangu, aliyelazwa humo, hakurudi. Tangu siku hiyo mimi sitoki nje, na kopo lake la vifungo vya nguo haliguswi.

Leo nimemkuta binti yangu amevimwaga juu ya meza ya mama yake ya kushonea, kwenye maduara aliyochora kwa chaki. Nikainua mkono nivifagie vyote.

"Baba, ngoja! Kesho nina mtihani, na mwalimu wa kemia hatujaletewa."

Wakubwa hao hao! Mkono ukaniishia hewani.

"Hii ni atomu ya sodiamu," akasema. "Elektroni mbili zinajaza duara la ndani, nane zinajaza linalofuata. Imebaki moja."

Nikaokota kifungo cheupe, kina uzi alioukata mama yake kwa meno. Ndani kulishajaa. Nikakiweka duara la nje.

"Peke yake, maskini."

"Maskini wapi! Hiyo ndiyo inayotoka kwenda kwa klorini, tukapata chumvi. Na wewe, baba, utatoka lini?"