Pua ya Makame

Siku Makame alipozikwa, mishipa ya pua yake, iliyoweza kunusa bakteria kwenye chakula, ilipandikizwa kwa Sabiha, mke wake mdogo. Sheria ilitaka kila chungu kinuswe kabla ya kuliwa.

Siku ya arubaini Raya, mke mkubwa, alivuka ua na mchuzi wake wa pweza. Sabiha akafumba macho, akakuna sikio la kushoto, vilevile kama marehemu. Raya akageuza uso kwa wivu.

“Mchuzi una bakteria, dada. Umwage.”

“Nimeuepua sasa hivi. Labda unanusa roho yako.”

“Haya, ule uumwe. Na tui umezidisha, kama siku zote.”

Sabiha hakuwahi kuonja chakula cha Raya. Aliyelalamikia tui ni Makame.

Raya aliumwaga mchuzi. Sasa kila adhuhuri hupeleka chungu kwa mke mwenzake, na tui halipunguzi.