Mlango Usio na Ukuta

Katika mchezo mpya wa Shebughe, mwandishi ambaye mji mzima ulizoea kumcheka, palikuwa na mlango mmoja tu katikati ya jukwaa, bila ukuta wala nyumba. Mwigizaji alikuwa akibisha hodi tangu pazia lilipofunguliwa, na hakuna aliyemwitikia. Ndivyo Shebughe alivyoandika. Mwenyewe alikaa nyuma ya mlango, ameushikilia usianguke.

"Si uzunguke tu, bwana!" watu walimpigia kelele mwigizaji huku wakicheka.

Ndipo Bi Mwanakheri, mmoja wa watazamaji, akainuka kitini, akapanda jukwaani polepole na kumsogeza kando yule mwigizaji.

"Hodi," alisema. "Hamadi, mwanangu, ni mimi."

Kila mtu alijua kwamba Hamadi aliondoka nyumbani akiwa kijana, na hadi leo hajulikani aliko. Shebughe alikitazama kitasa. Katika michezo yake yote hakuna hodi iliyowahi kujibiwa, maana aliamini kuwa kujibu ni kuwadanganya watu. Sasa alikishika kile kitasa.

"Hodi, baba. Nimechoka kusimama."

"Karibu, mama," Shebughe aliitikia, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Akafungua.

Bi Mwanakheri hakumtazama usoni. Alivuka kizingiti, akavuta pumzi kama mtu aliyenusa chakula kinachopikwa, akatabasamu. Kule ukumbini, mmoja baada ya mwingine, watazamaji walianza kuvua viatu.